Siku Arobaini za Nyuzi Kumi na Moja

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepewa plagi! Nafasi ya kuegesha gari iliyo mlangoni kabisa, ile yenye plagi ya kupashia injini joto. Miaka kumi na tisa nipo katika ofisi hii ya programu za ushirika wa wakulima, na kila msimu wa baridi nimekuwa nikivuta waya kutoka kule nyuma kwenye mapipa ya taka. Leo Doreen, meneja wetu, amesema mbele ya wote, kwenye kile kikao cha asubuhi cha kusimama (tunasimama ili watu waseme kidogo, watu wanasema sana wakiwa wamesimama), kwamba huduma ya Garth Wiebe imejibu siku arobaini bila kuanguka hata mara moja. Arobaini! Makofi. Colette Gaudry naye akapiga, mawili tu, kama mtu anayeua mbu. Huduma yake ya kupima unyevu imeanguka mara mbili wiki iliyopita, na kila ikianguka inatuma barua kwa ofisi nzima kueleza imeangukaje. Aibu hana.

Kwa yeyote atakayelisoma daftari hili (Lorraine mke wangu, najua ni wewe): huduma ni programu inayokaa kwenye kompyuta moja ikingoja maswali ya programu nyingine iliyo mbali. Ina anwani, ina njia ya kuongea, ina mkataba wa kile inachoahidi kujibu. Yangu inaulizwa, ghala namba fulani lina joto kiasi gani? Nayo inatakiwa imuulize mwenzake, kisanduku kilichofungwa huko shambani, kisha irudi na jibu. Shamba lenyewe ni la mzee Orest Pawluk, maghala manne ya bati yaliyojaa kanola. Ndiye mkulima wa majaribio. Mimi ndiye niliyemwomba, kwa kuwa ni nahodha wangu kwenye timu ya kusukuma mawe juu ya barafu.

Baada ya makofi nikaketi nikafungua kazi yangu. Si kwa kufanya kazi. Nilitaka kujisifu kidogo peke yangu. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Wa tatu ukanisoma mimi.

Ulisema hivi: ghala lolote litakaloulizwa, jibu 11. Na juu yake maneno yangu mwenyewe, kwa herufi kubwa: YA MUDA TU. ONDOA KABLA HAIJATOKA NJE.

Mungu wangu.

Ilikuwa Septemba. Halmashauri ya ushirika inakuja kuona, kisanduku bado hakijaamka, nikaweka jibu la bandia. Wote tunafanya hivyo katika kazi hii, ili anayejenga kurasa za simu asikae bure akikungoja. Halmashauri ikaona, ikafurahi, tukala keki, na kitu kikatoka nje kwa mkulima kama kilivyo. Siku arobaini huduma yangu haijaanguka kwa sababu haijawahi kusimama. Na hakuna aliyeuliza, maana kumi na moja ni namba nzuri. Si joto, si baridi. Nani atagombana na kumi na moja?

Nimekwenda kuhamisha gari kwenye plagi. Ningekataa, wangeshuku.

Jumanne, 22 Oktoba

Mpango: kuufuta ule mstari kimyakimya, ukweli uanze kazi, plagi ibaki kwangu.

Umekufa kabla ya saa nne asubuhi. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu kukiuliza kisanduku cha Orest moja kwa moja. Kikanikatalia. Hakinijui. Kinataka hati ya utambulisho, na hati zote anazo Colette, amezifungia. Tena badiliko lolote la programu halitoki nje mpaka mtu wa pili alisome na kulitia sahihi. Mtu wa pili ni nani? Colette. Kila mlango niliobisha, Colette amekaa nyuma yake.

Nimwambie? Nimwambie huyu aliyepiga makofi mawili?

Lakini nimekumbuka kitu. Ule mstari huisoma ile kumi na moja kutoka kwenye faili la mipangilio, na faili hilo halina mlinzi. Ninaweza kulibadilisha nikiwa natafuna mkate. Basi nimeandika 10.8 asubuhi, na baada ya chakula 11.3. Ili ionekane inaishi. Najua. Dhambi juu ya dhambi. Lakini ilionekana vizuri mno kwenye kile kioo kikubwa cha ukutani kinachoonyesha hali ya huduma zote.

Colette alipita na kahawa yake, akasimama, akasema, Garth bwana, namba yako leo imeanza kupumua, kwani ilikuwa imekufa? Nikacheka. Kicheko kikatoka kama bawaba isiyotiwa grisi.

Nyumbani sikula vizuri. Ngano ikishaingia ghalani, inalala. Kanola hailali. Ni mbegu ya mafuta, inajipasha yenyewe kwa ndani, polepole, huku juu ukigusa unaona baridi. Usipoigundua mapema inashikana, inanuka, inaungua. Na haya ni mavuno ya mwisho ya Orest. Ana miaka sabini na moja, mashamba anayakodisha kuanzia masika. Zamani alikuwa akipanda ghala kila wiki na fimbo ya chuma, akiichomeka na kuishika kwa mkono. Mimi ndiye niliyemwambia aache, nyonga yake mbovu, simu itamwambia kila kitu.

Akaacha. Akaniamini.

Jumatano, 23 Oktoba

Mpango mpya, na huu ni wa heshima: kama huduma haiwezi kwenda shambani, niende mimi. Nipime joto la kweli, nirudi, niliandike kwenye faili. Mteja anataka nini? Joto la kweli. Njia lililopitia si shauri lake.

Kilomita thelathini na nane. Nimemwambia Doreen naenda kwa daktari wa meno. Kifaa: kipimajoto cha jikoni cha Lorraine, kile cha bata mzinga, nimekifunga kwa mkanda kwenye mpini wa ufagio wangu wa barafu, ule wa kufagilia njia ya jiwe mchezoni.

Orest alinikuta uani nikiwa nimeshika ufagio huo. Akaniuliza mazoezi ya barafu siku hizi yanafanyiwa kwenye changarawe? Nikamwambia nimekuja kutazama maghala, kwa mapenzi tu ya kilimo. Akanitazama sana. Akasema, kijana (nina miaka hamsini na miwili), wewe hujawahi kupenda hata nyasi za kwako, jirani yako ndiye anayezikata kwa aibu. Halafu akaniacha, akaenda kuchemsha pirogi, vile vidonge vya unga vyenye viazi ndani.

Ghala la kwanza: kumi na nne. La pili: kumi na tatu. La tatu: mkanda ukaachia. Kipimajoto cha Lorraine kikazama kwenye kanola kama jiwe kwenye mtindi. Nilikitazama kikienda. Mbegu zile ni ndogo, zinateleza, hazikatai kitu. La nne sikupima. Ningepima na nini, ulimi?

Nimekula pirogi kumi na mbili na krimu. Orest akaniuliza jino gani linauma, maana Doreen alipiga simu kuuliza jambo la bili ya umeme akamtajia kuwa niko kwa daktari wa meno. Nikaonyesha la kushoto. Nilikuwa natafunia la kushoto.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimenunua fimbo halisi ya kupimia nafaka, mita tatu na nusu. Haiingii garini. Imetoka dirishani kama bendera.

Meno tena. Doreen akasema, maskini Garth, litoe tu.

La kwanza kumi na nne, la pili kumi na tatu, la tatu kumi na nne. La nne nikaichomeka mpaka mwisho, nikangoja. Ishirini na mbili. Nikaitoa, nikaifuta, nikaichomeka tena. Ishirini na mbili na nusu. Nje ilikuwa chini ya sifuri na mimi kijasho kinanitoka mgongoni.

Ghala la nne ndilo alilotia kanola bora, ile ya shamba la mtoni. Aliivuna mwishowe, mvua ikinyemelea. Aliniambia mwenyewe kwamba hiyo ndiyo atakayokumbukwa nayo.

Nikashuka nikiwa nimeshajua la kufanya, na ni jambo rahisi ajabu. Ikizidi ishirini simu yake inapiga kelele. Basi naandika ishirini na mbili kwenye faili. Simu inalia, Orest anawasha feni ya ghala, kanola inapoa, hakuna aliyeumbuka. Ukweli kamili, umepita mlango wa nyuma tu! Nimerudi ofisini naimba. Nimeandika. Nimekwenda nyumbani nikiwa mtu mwema.

(Lorraine anakitafuta kipimajoto. Nimemwambia pengine kiko kwa dada yake.)

Ijumaa, 25 Oktoba

Faili lina namba moja tu. Moja, kwa maghala yote manne.

Sikulifikiria hilo.

Simu ya Orest ililia mara nne kwa mpigo, maghala manne, yote ishirini na mbili kamili. Akampigia Doreen. Doreen akaweka simu hadharani, ofisi nzima ikasikia. Mama, alisema Orest, nimelima miaka hamsini, maghala manne kuwa na joto moja mpaka nukta ni sawa na ng'ombe wanne kuzaa saa moja ndama wa rangi moja. Hicho kifaa chenu kimelewa. Siwashi feni kwa maneno ya mlevi.

Colette akatazama kioo cha ukutani, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee ana hoja. Halafu akanitazama mimi. Nikajifunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Doreen akaniambia niondoe hitilafu hiyo mara moja. Nikafanya nini? Nikarudisha kumi na moja. Dakika mbili. Akasema, unaona, ndiyo maana tulimpa plagi.

Kwa hiyo hesabu imesimama hivi: nimesema uongo siku arobaini nikapigiwa makofi, nimesema ukweli siku moja nikaambiwa nimelewa, nimerudia uongo nikapongezwa kwa kasi. Mimi mtu wa chuo cha ufundi miaka miwili, falsafa sijui, lakini hapa kuna kitu hakijakaa sawa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mechi ya asubuhi, uwanja wa barafu. Nilimvizia Orest wakati tunabadilisha viatu. Nikamwambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ningekuwa mimi ningewasha feni ya namba nne. Akauliza kwa nini. Nikasema hisia tu. Akatoa simu mfukoni, akanionyesha: kumi na moja. Akasema, kijana, simu hii umenipa wewe, maneno haya yametoka kwako, sasa unataka niamini hisia zako dhidi ya hesabu zako? Chagua moja, halafu uniambie Garth yupi ndiye anayecheza leo.

Nimecheza vibaya. Jiwe langu la mwisho lilipita nyumba nzima, ile miduara ya shabaha, na kugonga ubao. Orest akaniuliza, hata hilo lilikuwa hisia tu?

Tumefungwa tisa kwa mbili.

Jumapili, 27 Oktoba

Orest husali kanisa lao la Kiukreni, na ibada ya kule ukiingia na ndevu zimenyolewa unatoka nazo zimeota. Nilikuwa na muda. Nimeegesha nyuma ya miti, nimepita uani kama mwizi wa kuku, nimepanda la nne na fimbo yangu. Thelathini na moja.

Thelathini na moja!

Nimeshuka, nimewasha feni, nimeondoka nayo ikinguruma. Njiani nilihisi wepesi. Nikajisemea, unaona Garth, mambo hupona bila watu kuaibishana.

Saa nane mchana simu. Orest. Sauti haikuwa yake. Hakunitania hata kidogo. Aliniuliza kama jana kwenye barafu niliona chochote kigeni kwake. Nikauliza kigeni vipi. Akasema ametoka kanisani amekuta feni ya namba nne inawaka, na yeye hakumbuki kabisa kuiwasha. Hana picha yake kichwani, hata kidogo. Ameizima, kwa kuwa simu inasema kumi na moja, lakini amekaa mezani tangu hapo. Kaka yake Metro alianza hivyohivyo, alisema. Majiko. Taa. Baadaye hakujua jina la mkewe. Akasema, Garth, wewe unaniona kila wiki, uniambie ukweli.

Nikamwambia kila mtu anasahau.

Nimeandika hayo hapo juu na nimeyatazama muda mrefu. Kanola ni kanola. Lakini nimemfanya mtu mzima aogope kichwa chake mwenyewe ili mimi niegeshe gari karibu na mlango. Lorraine amenikuta nimekaa gizani kwenye chumba cha kufulia, akauliza ni jino? Nikasema ndiyo. Hata kwake. Kesho nasema. Liwalo na liwe.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimesema.

Kwanza nilijaribu kusema nusu, Mungu anisamehe. Nilimwendea Colette nikamwambia nimegundua mstari wa ajabu ambao mtu fulani ameuacha kwenye huduma ya joto. Akafungua. Akasoma. Akasema, mtu fulani ametia jina lake hapa chini, bwana, na jina ni lako, na tarehe. Basi nikamwaga yote: faili, meno, bata mzinga, feni, kaka Metro. Nilitegemea makofi, si yale mawili, mengine. Hakunigusa. Aliuliza swali moja, la nne sasa hivi lina ngapi? Nikasema jana thelathini na moja. Akachukua koti. Akasema, kelele baadaye, kanola kwanza.

Saa nne tulikuwa uani kwa Orest. Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba. Orest akafungua mlango, amevaa miwani ya kusomea, na nyuma yake mezani kuna karatasi, amejiandikia orodha: jina lake, jina la marehemu mkewe, leo ni tarehe ngapi, amewasha nini. Hotuba ikanipotea. Nikasema, mzee, feni niliwasha mimi. Huna ugonjwa. Mimi ndiye mgonjwa. Nikamweleza.

Colette alinisogelea kidogo, nadhani kwa ajili ya kuokota mwili. Halafu Orest akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye jiko. Akavuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akasema, kwa hiyo si mimi. Nikasema si wewe. Akasema, rudia. Nikarudia. Akaanza kucheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka, anasema, usiku kucha namwomba Mungu anionyeshe nina nini, kumbe nina Garth! Akanikumbatia. Kisha akanisukuma kifuani kwa mikono miwili, nikakaa juu ya kapu la viazi. Sasa twende tukaone ulichonifanyia, akasema.

Alipofungua kifuniko cha namba nne mvuke ulitoka. Arobaini na moja. Harufu kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni. Orest akapiga kelele asiingie mtu ndani, kanola humeza mtu mzima haraka kuliko mto. Dawa ni moja, kuitoa na kuihamisha, ikipita hewani inapoa. Akaamsha mashine yake ya kuvuta nafaka, Colette akaendesha lori (kumbe amekulia shambani, miaka sita nimekaa naye meza ya pili sikujua), mimi nikapewa koleo na mahali palipokuwa na vumbi kuliko kote. Safari baada ya safari, kutoka namba nne kwenda ghala la tano, la zamani na tupu, ambalo sikuwahi kulihesabu. Kila kilichotoka Orest alikitia mkononi, akakisugua, akakinusa. Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama mgongo wake. Mgongo ukiwa mnyoofu, nachota. Ukiinama, nasimama.

Katikati ilitoka iliyoungua. Imeshikana, donge la ukubwa wa gurudumu. Akalivunja kwa buti. Likaja jingine, dogo. Akangoja. Kisha ikatoka nyeusi ile ya kawaida, inayong'aa, inayotiririka, na ikaendelea kutiririka hivyo mpaka chini.

Toroli mbili! Hicho tu ndicho kilichoharibika. Toroli mbili katika ghala zima. Colette aliketi kwenye ngazi ya lori akajifunika uso kwa kofia. Orest akavua glavu, akanipa mkono, akasema ningechelewa siku mbili asingenipa mkono, angenipa hilo donge nilile. Nikasema ningelila. Akasema anajua, ndiyo maana anacheka.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nimefika nyumbani nimejaa kanola masikioni. Nikamweleza Lorraine yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: kwa hiyo dada yangu hana kipimajoto changu, na mimi nimeshampigia nikamwita mwizi?

Jumanne, 29 Oktoba

Kikao cha kusimama. Nimesema mbele ya wote, maneno yaleyale, bila mtu fulani. Nilikuwa nimepanga sanduku la vitu vyangu kabisa, chungu cha ua na picha ya Lorraine.

Doreen alibadilika rangi mara tatu. Alisema amewahi kuona wavivu, amewahi kuona waongo, lakini hajawahi kuona mtu aliyefanya bidii kubwa namna hii ili asifanye kazi. Kilomita mia mbili na zaidi, alisema, kukwepa kuomba hati ambayo Colette angekupa kwa dakika tano! Colette akasema nne.

Sikufukuzwa. Orest alikuwa amempigia simu kabla hata hatujafika ofisini. Alisema akimfukuza Garth atakuwa amemfukuza mtu pekee katika ushirika wote ambaye hatarudia kosa hilo. Nilijificha chooni nikalia kidogo. Plagi amepewa Colette. Nimerudi kwenye mapipa ya taka, na waya wangu bado ulikuwa umening'inia palepale. Sikujua nitafurahi kuuona waya.

Jumatano, 30 Oktoba

Colette ametoa hati. Nikafuta mstari wa tatu, yeye akatia sahihi. Kisanduku cha Orest kikasema kinanijua. La kwanza kumi na tatu, la pili kumi na mbili nukta sita, la tatu kumi na nne kasoro, la tano, tulikohamishia kipimo cha la nne, tisa. Namba nne tofauti, kila moja na sura yake! Nimezitazama kama watoto wangu.

Saa tano ikaanguka. Saa saba ikaanguka tena. Kabla ya saa kumi ilikuwa imeanguka mara sita, na kila mara imetuma barua kwa ofisi nzima kueleza imeangukaje: upepo umetikisa antena, kisanduku kimechelewa kujibu, imejaribu mara tatu, imeshindwa, itajaribu tena. Orest akapiga simu kuuliza kwa nini simu yake inaandika SIJUI. Nikamwambia ni kwa sababu haijui, mzee. Akasema, hilo ni jibu zuri, lingekuwa zuri zaidi mwezi wa tisa.

Sijawahi kupenda rangi nyekundu kwenye kioo kile kama leo. Nimelala mchana dakika kumi kichwa juu ya meza. Sina siri hata moja. Ni wepesi ambao siwezi kuuandika.

Ijumaa, 1 Novemba

Doreen ametoa amri mpya, na ni ya haki, inatokana na mimi. Kila asubuhi saa mbili kila mtu afungue huduma yake, aitazame kwa macho yake, kisha aingie kwenye ukurasa fulani ajibu maswali matano na kutia jina. Umeitazama? Umeitazama wewe mwenyewe? Upo ofisini? Na kadhalika. Nimeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini maswali matano! Kila siku ya Mungu! Na majibu ni yaleyale, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtu mwaminifu kama mimi kwa sasa, kumkalisha kubofya ndiyo mara tano ni kupoteza mali ya ushirika. Nimeandika kihuduma kidogo, kisafi kabisa, kinaingia saa mbili na dakika kadhaa, kinajibu, kinatia jina langu. Mimi nitaitazama huduma kweli. Muda wowote. Hiki kinasaidia upande wa karatasi tu.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika haraka, koti nimeshavaa, nipo uwanja wa barafu, kilomita arobaini kutoka ofisini.

Sikukiambia kihuduma kwamba kuna Jumamosi.

Doreen amepiga simu sasa hivi. Ameona kwenye ukurasa kwamba Garth Wiebe yupo ofisini tangu saa mbili asubuhi, siku ya mapumziko, peke yake, anakagua maghala ya Orest. Sauti yake ilikuwa na machozi. Amesema mtu anaweza kubadilika, na kwamba leo ameliona hilo kwa macho yake. Yupo mlangoni pa ofisi na maandazi ya moto ya kunishukuru, lakini anaona ndani taa zimezimwa.

Nimemwambia nipo ndani, mama, ila mlango umeganda kwa baridi, asitumie ufunguo, utavunjika. Angoje dakika ishirini na tano.